Kupungua Bila Nguvu ya Soda

Kupunguza uzito na kuutunza uzito uliokwisha kupungua ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza huchukua miezi. Ya pili haina tarehe ya mwisho. Ya kwanza huonekana: nguo hupwaya, watu huuliza, picha za zamani hutolewa zikalinganishwa. Ya pili haina cha kuonyesha, maana kufaulu kwake ni kwamba hakuna kilichobadilika. Wengi huifanya ya kwanza vizuri tu, kisha kilo hurudi moja moja ndani ya miaka michache, pengine na nyongeza. Mipango ya "siku 21" inayouzwa mitandaoni ina kasoro hii hasa: haisemi lolote kuhusu siku ya 22.

Kabla ya kupunguza, lazima ijulikane kinachopunguzwa. Kipimo kinachotumika zahanati na hospitali ni uwiano wa uzito na urefu: kilo za mtu zinagawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 82 hupata takriban 30. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida, 25 kwenda juu uzito uliozidi, na 30 kwenda juu unene wa kupindukia. Kanuni hiyo ilitokana na Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akimtafuta "binadamu wa wastani" wala hakuwa akitibu mtu. Ndiyo maana humkosea mpakia mizigo wa bandarini mwenye misuli minene, na huweza kumpitisha salama mtu mwembamba mwenye kitambi.

Kwa hiyo utepe wa fundi cherehani ni mwenzi mzuri wa mizani. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa bila tumbo kuvutwa ndani. Hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume, na huwa kubwa zaidi kinapopita 88 na 102. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yenye madhara kuliko ya mapajani au makalioni. Kitambi kilichokuwa kikisomwa kama dalili ya mshahara mzuri ni dalili ya kitu kingine.

Lengo halihitaji kuwa kubwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,200 ambao sukari yao ya damu ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Kundi lililoelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipata kisukari kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 58 kuliko kundi la kulinganisha. Kwa yule wa kilo 82, asilimia 7 si hata kilo 6. Hazitamrudisha kwenye gauni la harusi, lakini ini, kongosho na moyo haviangalii gauni.

Upande wa chakula, hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kilokalori 4, pombe 7, mafuta 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu kilokalori 120. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lawama hutupiwa ugali, ilhali mkosaji yuko kwenye kidumu cha mafuta: mchicha wenyewe hauna nishati ya kutisha, ila ukikaangwa kwa mafuta yaliyomiminwa kwa kukadiria kwa macho unageuka chakula kingine kabisa. Chapati huchukua mafuta mara mbili, kwenye unga na juu ya kikaango. Chipsi mayai haihitaji maelezo. Jambo moja tu, la kupima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina, huweza kuondoa mamia ya kilokalori kwenye sufuria ya familia bila mtu yeyote kuhisi kwamba amenyimwa.

Sukari ndiyo ya pili. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo, ni gramu 36 hivi, na chupa ya soda huongeza kiasi kama hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Juisi ya miwa au ya embe haisameheki kwa kuwa imekamuliwa mbele ya mnywaji: tunda lenyewe hushibisha, juisi yake hupita tu. Mwenye mazoea ya vijiko vitatu ashuke kwa nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea polepole, na akiikata sukari yote kwa siku moja huenda akairudia yote kwa siku moja.

Kuhusu dona na sembe, ushauri mwingi umetiwa chumvi. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini zilizobaki na pumba, hivyo hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Ila nishati yake kwa kipimo sawa haipishani sana na ya sembe, na bonge kubwa la dona linabaki kuwa bonge kubwa. Tatizo lenye uzito zaidi limo kwenye sahani yenyewe. Lugha imelitangaza zamani: samaki, nyama, maharage na majani huitwa kitoweo, kitu cha kutowelea, ugali au wali ukiwa ndio chakula chenyewe. Anayetaka kupungua hugeuza mpango huo: nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyinginezo, robo iwe maharage, kunde, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta, robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au mihogo. Protini huchelewesha njaa na hulinda misuli isipungue pamoja na mafuta, na haidai bei ya nyama. Dagaa wa kuchemsha na nyanya, choroko, maharage yaliyoungwa kwa kijiko kimoja cha mafuta vyote vinatosha. Familia inayokula kwenye sinia moja ina ugumu wake, kwani hakuna anayeliona fungu lake. Hapo njia rahisi ni kujipakulia kwenye sahani pembeni na kubaki palepale mkekani pamoja na wengine.

Vyakula vya viwandani navyo vina tabia yao. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall wa Marekani aliwaweka watu 20 wodini kwa mwezi mmoja, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana na wiki mbili vyakula vya kawaida, na ruhusa ya kula watakavyo. Katika wiki za vyakula vya kusindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku bila kulazimishwa na mtu. Biskuti, krispi na tambi za dakika mbili zimeumbwa ziliwe upesi, kabla tumbo halijatoa taarifa.

Wiki ya kwanza hudanganya. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga; mtu akipunguza chakula akiba hiyo hutumika na maji hutoka. Mizani inaweza kushuka kilo 2 au 3, kisha ikakaa kimya, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mpango umeharibika, kumbe ndiyo kwanza umeanza. Mwendo unaofaa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Biashara ya "chai za kukata tumbo" inaishi kwa udanganyifu huu wa maji: nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha, nayo humwaga maji na chumvi bila kugusa mafuta. Mikanda ya kutoa jasho ni hadithi hiyohiyo. Vidonge visivyojulikana asili yake ni vibaya zaidi. Sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo, imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba.

Kisha mwili huanza kujitetea, na hapa pana sehemu ambayo aliyenenepa tena anastahili kuelezwa badala ya kuchekwa. Mwaka 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa takriban nusu ya walichozoea, muda wa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi, wakawa wakali, wakaota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Hawa walikuwa wanaume wenye afya na msimamo, waliochaguliwa kwa uangalifu. Chanzo kimoja kilikuja kufahamika mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake walipogundua leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, taarifa hupungua, na ubongo huamuru njaa iongezwe na matumizi yabanwe. Utafiti wa Australia wa mwaka 2011 ulikuta homoni za njaa zikiwa bado zimepotoka mwaka mzima baada ya watu kupungua. Kevin Hall yuleyule aliwapima washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito miaka sita baada ya kumalizika: wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na miili yao bado ilitumia karibu kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao.

Maana yake ni kwamba aliyeshuka kutoka kilo 90 hadi 75 hawi sawa na jirani aliyekuwa 75 maisha yake yote. Atahisi njaa zaidi na atahitaji chakula kidogo zaidi. Kwa hiyo kila mlo wa kupunguzia uzito upimwe kwa swali moja: je, unaweza kuliwa hivyohivyo miaka mitano ijayo, nyumbani hapahapa, kwa mfuko huuhuu? Supu ya kabichi peke yake haipiti. Chai ya kijiko kimoja, mafuta ya kupimwa na robo sahani ya wali hupita.

Wapo wanaofaulu, na tabia zao zimeandikwa. Mwaka 1994 Rena Wing na James Hill walianzisha Marekani sajili ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka au zaidi. Imeshakusanya zaidi ya watu 10,000. Walivyopungua hutofautiana sana, ila wanavyotunza hufanana. Wengi hula kifungua kinywa kila siku. Robo tatu hupanda mizani angalau mara moja kwa wiki. Hutazama televisheni kidogo, na hufanya mazoezi karibu saa nzima kwa siku, aghalabu kutembea. Sajili hii ni ya waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo inaonyesha washindi wanafanya nini, haithibitishi kwamba kila afanyaye hivyo atashinda. Hata hivyo ni bora kuiga hao kuliko kumwiga anayeuza unga wa kukorogea.

Nafasi ya mazoezi inafahamika vibaya kwa pande zote mbili. Katika kupunguza, nguvu yake ni ndogo: mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 hutumia takriban kilokalori 300, ambazo chapati moja nene inazirudisha kwa dakika tatu. Katika kutunza, ndiyo nguzo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kutembea haraka kunatosha: kushuka daladala vituo viwili kabla, kuacha bodaboda kwa safari ya kilomita moja, kupanda ngazi. Kwa mwanamke wa mjini, alfajiri yenye giza ina hatari zake, na hapo vikundi vya mazoezi vya mitaani, vile vinavyokimbia pamoja kwa nyimbo siku za mapumziko, vina faida maradufu. Mara mbili kwa wiki misuli nayo itumike kwa nguvu, iwe kwa pushapu, kuchuchumaa na kusimama, au kubeba ndoo za maji, kwani misuli hutumia nishati hata mwenyewe akiwa amelala.

Ari ndiyo inayozungumzwa sana na kutegemeka kidogo. Waswahili wa leo wana jina la ari ya mwanzoni: nguvu ya soda. Chupa ikifunguliwa hufoka, baada ya muda kunabaki maji matamu. Anayesubiri ari kila asubuhi ndipo atembee atatembea Januari tu. Inayodumu ni tabia iliyofungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kuwafikisha watoto shuleni, baada ya kufunga duka. Watafiti wa London mwaka 2009 waliona kwamba tabia mpya ilihitaji wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine siku 18, wengine hadi 254. Siku moja iliyorukwa haikuharibu kitu. Vilevile mazingira hufanya kazi ambayo moyo hauwezi. Biskuti isiyokuwepo kabatini haihitaji kukataliwa, na njia isiyopita kwenye karai la maandazi ni nafuu kuliko msimamo.

Daftari dogo la kuandika kinacholiwa husaidia, hasa kwa kuwa vinavyosahauliwa ni vile vya pembeni: kipande cha muhogo, mabaki ya watoto, karanga za kwenye foleni. Kufikia mwezi wa sita hivi mizani hukwama kwa wengi, sababu ikiwa mwili mdogo unatumia kidogo. Wakati huo vipimo vingine vishike nafasi: tundu jipya la mkanda, ngazi zilizopandwa bila kuhema, shinikizo la damu, fundi anayeambiwa aibane sketi.

Kisha wapo watu. "Mbona umekonda, unaumwa?" ni swali linaloulizwa kwa upendo, na limewarudisha wengi kwenye sahani. Lina mizizi. Katika miaka ya 1980, Waganda waliuita UKIMWI "Slim", yaani mwembamba, na kizazi kilichozika ndugu waliokonda hakiwezi kuona mashavu yakibonyea bila kushtuka. Lipo pia la ndoa: mke aliyenenepa huambiwa ametunzwa, na mume akipungua, anayeulizwa ni mke. Jibu liandaliwe mapema, fupi na la furaha: "Daktari kaniambia nipunguze, sasa magoti hayaniumi." Ugenini, kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji, kwa hiyo inatosha kupokea kidogo, kula taratibu, kusifu mapishi na kuacha tonge la mwisho kwenye sahani. Kwa mama lishe ni rahisi zaidi, anaombwa ugali nusu na mboga ya ziada, wala hashangai. Ndani ya nyumba, mwenye upawa ndiye mwenye mpango: mwanamume anayetangaza kupungua huku akimwachia mkewe ndiye abuni namna ya kupika hajaanza.

Ramadhani huleta kitendawili, mtu hufunga mwezi mzima kisha Idi humkuta amenenepa. Futari ya Pwani ina kaimati za shira, sambusa, tambi za sukari, mihogo na ndizi za nazi, na vyote huja kwa pamoja kwa mwenye njaa. Afueni hupatikana kwa kufungua kwa tende, maji na supu, kwenda kuswali Magharibi, ndipo sahani ipakuliwe. Vya kukaanga na vya shira vichaguliwe kimoja kwa siku. Daku isirukwe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama. Harusi na Krismasi hazina haja ya kanuni, ni siku chache. Hatari ni mabaki ya keki yanayoliwa wiki nzima.

Kuteleza kutatokea. Mlo mmoja uliozidisha kilokalori 1,000 huongeza mafuta yasiyofika gramu 150, hata kama mizani ya kesho yake itaonyesha kilo na nusu. Hayo ni maji, chumvi na chakula kilicho njiani. Kujiadhibu kwa kushinda na njaa huleta mlo mwingine wa kupindukia jioni. Kinachofaa ni kuweka mpaka kabla mambo hayajaharibika: uzito ukizidi ule uliofikiwa kwa kilo 2 na kukaa hivyo wiki mbili, daftari linafunguliwa tena na kijiko cha mafuta kinarudi jikoni. Kilo 2 hushughulikiwa kwa mwezi. Kilo 12 huhitaji kuanza upya, na mwanzo wa pili huwa mzito.

Wapo wasiopaswa kuanza peke yao: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye historia ya kujinyima au kujitapisha, na wanaotumia insulini au dawa za shinikizo la damu, ambao dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa kadiri wanavyopungua. Anayekonda bila kukusudia naye asisherehekee. Aende kupimwa kifua kikuu, kisukari na mengineyo. Kwa wenye unene wa kupindukia sasa zipo sindano kama semaglutidi, ambayo katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 ilipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito ndani ya wiki 68. Waliosimamishiwa dawa walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopoteza katika mwaka uliofuata. Hivyo anayeandikiwa sindano hiyo ana maswali mawili ya kumuuliza daktari kabla ya dozi ya kwanza: itanunuliwa kwa muda gani na kwa fedha ipi, na nini kitakuwa kwenye sahani siku itakapokoma.